Daftari la Waliotutoka: Mwongozo Kamili wa Kuandika Maisha ya Majirani Waliofariki

Katika mtaa wetu wa Walukuba, mjini Jinja, mtu huishi miaka thelathini au arobaini, akafanya kazi kiwandani au sokoni, akalea watoto, akagombana na kupatana na majirani, kisha alfajiri moja jeneza lake likapakiwa garini na kupelekwa Tororo, Gulu, Arua au Masaka, kwenye ardhi ya ukoo wake. Huko anakozikwa wanamjua kama mtoto wa fulani na mjukuu wa fulani. Tunaojua alivyoishi ni sisi tunaobaki hapa bombani na kwenye varanda. Wasifu unaosomwa kaburini huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na kijana ambaye pengine alimwona marehemu wakati wa Krismasi tu. Utasema alizaliwa lini, alisoma wapi, alioa nani, ameacha watoto wangapi na alifia hospitali gani. Yote hayo ni kweli, lakini ukibadilisha majina na tarehe, unaweza kuusoma juu ya kaburi la mtu mwingine yeyote.

Kwa miaka tisa sasa ninatunza daftari la mtaa ambamo tunaandika maisha ya majirani waliotutoka. Yafuatayo ni maelezo ya namna tunavyoifanya kazi hiyo tangu siku ya msiba mpaka maandishi yanapowekwa kabatini, ili mtaa mwingine wowote, uwe Kasese, Bombo, Busia au Arua, uweze kuanza bila kurudia makosa yetu.

Kazi yenyewe si ngeni nchini Uganda. Katika miaka ya 1990 akina mama waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, kupitia chama cha NACWOLA kilichoanzishwa mwaka 1992, waliandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Mama aliandika alikozaliwa, ukoo wake, alivyokutana na baba wa mtoto, siku mtoto alipoanza kutembea, na ndugu wa kumkimbilia shida ikija. Wao waliandika wakiwa hai, nasi kwa kawaida huanza mwenyewe akishaondoka. Hata hivyo tumejifunza kwao kwamba mambo madogo ya nyumbani ndiyo ambayo mtoto hatayapata kwingine, na kwamba hayahitaji msomi wa chuo kikuu kuyaandika.

Nani ashike kalamu

Mwandishi awe mmoja, lakini asiwe peke yake. Sisi tuko watatu: wanawake wawili na mwanamume mmoja. Hatukupanga hesabu hiyo ili ipendeze. Yapo mambo ambayo mjane hatamwambia mwanamume, na katika familia za Kiislamu mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, kwa hiyo katika kipindi ambacho kumbukumbu bado ni mbichi ni mwanamke mwenzake anayeweza kuketi naye chumbani bila kumletea usumbufu.

Msimchague mtu anayegombea cheo, wala anayedaiwa na familia za mtaa, wala anayezidai. Mahali pazuri pa kumtafuta mwandishi ni katika chama chenu cha kuzikana, kile ambacho Busoga na Buganda tunakiita munno mukabi na ambacho ndugu zetu wa Kigezi wanacho katika vikundi vyao vya engozi, yaani machela ya kubebea wagonjwa na maiti. Yule aliyeaminiwa kutunza daftari la michango kwa miaka bila kupoteza shilingi ya mtu amekwisha kupimwa na mtaa.

Ruhusa kwanza, maandishi baadaye

Hakuna neno linaloandikwa kabla familia haijakubali. Ugumu uko katika kujua familia ni nani. Kwa Waganda na Wasoga mrithi huenda hajasimikwa mpaka siku ya okwabya olumbe, yaani sherehe ya kuhitimisha msiba, ambayo yaweza kuja miezi mingi baada ya mazishi, na kwa Waacholi guru lyel, sherehe ya mwisho ya marehemu, hufanywa hata miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo usingoje mrithi. Omba ruhusa kwa watu wawili: aliyekuwa akiishi na marehemu chini ya paa moja, na mzee anayeusemea ukoo. Mmoja akikubali na mwingine akakataa, acha. Tumeacha mara mbili, na mara moja kati ya hizo familia ilitufuata yenyewe mwaka uliofuata.

Namna ya kuomba ina uzito wake. Usiende na kalamu mkononi. Nenda siku ya nne au ya tano, watu wakiwa wamepungua, keti, toa pole, pokea chai ukipewa, kisha sema maneno kama haya: “Mama, poleni tena. Sisi majirani tungependa maisha ya mzee yaandikwe katika daftari la mtaa, ili watoto wa hapa wamjue. Hatuandiki habari za mali wala za shamba. Tutakuja kukusomea kila tulichoandika kabla hakijaonyeshwa kwa mtu, na utakachokikataa kitafutwa.” Sentensi ile ya mali na shamba isisahaulike. Nchini kwetu msiba na ardhi hutembea pamoja, na mtu yeyote anayekuja na karatasi baada ya mazishi hudhaniwa kuwa ametumwa.

Siku za msiba: masikio tu

Wakati wa matanga kazi yako ni kusikiliza. Usirekodi kwa simu watu wakiwa wameuzunguka moto usiku, maana hapo wanaongea kwa kuwa hakuna anayewashika neno. Rudi nyumbani, andika kile unachokumbuka, na uweke alama kwenye mambo utakayomrudia msemaji kumuuliza kwa ruhusa yake.

Hata hivyo zipo karatasi na matangazo ambayo yasipokusanywa wiki hiyo hupotea. Chukua nakala mbili za ratiba ya mazishi. Ikiwa tangazo la kifo lilisomwa redioni, omba karatasi iliyopelekwa kituoni, kwa sababu matangazo hayo hutaja ndugu pamoja na mahali wanapoishi, na karatasi moja yaweza kukuonyesha kwamba mzee uliyemdhani mpweke alikuwa na dada Mbale na shemeji Hoima. Omba pia kuiona orodha ya mabugo. Zamani mabugo yalikuwa magome ya mti wa mutuba yaliyopondwa kuwa nguo, ambayo watu waliyaleta ili marehemu avikwe. Siku hizi wengi huleta fedha, lakini majina bado yanaandikwa mmoja baada ya mwingine. Orodha hiyo ni ramani ya urafiki wa mtu. Nilipoisoma ya fundi mmoja wa baiskeli, niliona majina kumi na moja ya walimu wa shule moja ya msingi, jambo ambalo hakuna aliyelitaja kwenye hotuba. Kumbe kwa miaka mingi alikuwa akiwatengenezea baiskeli mwanzo wa muhula na kungoja mshahara utoke.

Kuhusu picha: usipige picha ya maiti wala ya watoto wakilia. Piga picha ya mlango wa nyumba, kiti chake, meza yake ya kazi, kabla ndugu hawajagawana vitu. Kwetu hilo ndilo jambo linalopotea haraka kuliko yote.

Kati ya maziko na arobaini

Wiki tano hivi kabla ya arobaini ndizo za kazi kubwa. Uchungu wa mwanzo umepungua kiasi cha watu kuweza kuongea, na kumbukumbu bado haijasuguliwa ikawa laini. Baada ya hapo kila mtu huanza kusimulia habari ileile kwa maneno yaleyale.

Familia iulizwe, lakini isiwe ya kwanza. Anza na wale ambao hawakupewa nafasi ya kusema kaburini, kwa sababu kaburini husema mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), kiongozi wa dini, mzee wa ukoo na wakati mwingine mwanasiasa ambaye hakumjua marehemu kabisa. Nenda kwa mwenye duka aliyekuwa akimkopesha sukari, kwa kijana wa bodaboda aliyempeleka kliniki, kwa mwanamke aliyepanga naye foleni bombani, kwa mlinzi wa usiku wa kiwanda alichofanyia kazi, na kwa mtu aliyewahi kugombana naye. Huyo wa mwisho usimruke. Nimegundua kwamba mtu aliyegombana na marehemu miaka kumi iliyopita humkumbuka kwa undani kuliko rafiki, na mara nyingi ana jambo analotamani kulisema.

Swali baya ni hili: “Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?” Utajibiwa kwamba alikuwa mcheshi, mcha Mungu, mpenda watu, na utaondoka mikono mitupu. Uliza juu ya vitendo na vitu. Alikuwa akiamka saa ngapi, na ulijuaje kwamba ameamka? Alikukopesha nini, au wewe ulimkopesha nini, na deni lililipwaje? Ni kitu gani alikataa kukiuza hata aliposhikwa na shida? Nini kilimkasirisha upesi? Watoto wa mtaa walimwitaje asipokuwapo? Mara ya mwisho mlipocheka pamoja mlikuwa mnacheka nini?

Kwa maswali kama hayo ndipo tulipopata habari za mama mmoja aliyeuza mukene, wale dagaa wa ziwani, kwenye mwalo wa Masese. Kila mtu alituambia kwamba alikuwa mkarimu, nasi tulikuwa tayari tumeliandika neno hilo. Kisha nikamwuliza jirani yake wa meza: “Ulijuaje?” Akainama chini ya meza akanionyesha kopo la kupimia. Wapo wauzaji wanaobonyeza tako la kopo kuelekea ndani ili lijae upesi. Kopo hili lilikuwa limepigwa kwa nyundo kuelekea nje, mpaka tako likavimba kama tumbo na kopo likashindwa kusimama. Mama alikuwa akiliegemeza kwenye jiwe, na jiwe bado lilikuwa palepale. Tulilifuta neno “mkarimu” tukaandika kopo.

Ukitaka kurekodi kwa simu, omba, weka simu mezani mahali inapoonekana, na mwanzoni taja tarehe, mahali na jina la anayesimulia kama ameruhusu. Andika mazungumzo kutoka kwenye rekodi ndani ya siku mbili, wakati bado unakumbuka uso wa msemaji alipokuwa akilisema neno. Mazungumzo ya dakika arobaini yanatosha. Anayezidi hapo huchoka na kuanza kukufurahisha.

Lugha nayo iheshimiwe. Sisi tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha Walukuba, Msamia na Mwacholi na Mnubi na Msoga, lakini marehemu alipotania kwa Kiluo au kuomba dua kwa Kinubi, neno linaachwa kama lilivyo na maana yake inaandikwa baada yake kwa Kiswahili. Kumtafsiri mtu neno lililokuwa la mdomoni mwake kila siku ni kumnyang’anya sauti.

Tarehe

Wazee wengi wa mtaa wetu hawakujua siku waliyozaliwa, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho cha taifa huenda ilikisiwa siku ya kujiandikisha. Kubishana juu ya mwaka hakusaidii. Tumia matukio ambayo kila mtu anayakumbuka, na uulize: alikuwa amefika Jinja, alikuwa ameoa, mtoto wa kwanza alikuwa anatembea?

Kwa Jinja tunaanzia mwaka 1954, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa. Kwa waliotoka magharibi kuna reli kufika Kasese mwaka 1956 na tetemeko la Toro la Machi 1966. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilizojaza Ziwa Victoria zinakumbukwa na wavuvi, na uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962 unakumbukwa na wote. Halafu kuna ziara ya Papa Paulo VI mwaka 1969, mapinduzi ya Amin tarehe 25 Januari 1971, kufukuzwa kwa Wahindi mwaka 1972, vita vya 1979 vilivyomwondoa Amin, jeshi la NRA la Museveni kuingia Kampala tarehe 26 Januari 1986, na kubadilishwa kwa pesa mwaka 1987, sifuri mbili zilipoondolewa. Kwa vijana zaidi kuna mwaka 1997, elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bure. Katika mji wetu swali la 1972 ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu lilibadilisha mwajiri, duka na nyumba. Mtu hukumbuka kabisa ikiwa alipofika mwenye kiwanda alikuwa Mhindi au mwanajeshi.

Ukishapata mipaka miwili, andika mipaka hiyo bila aibu: “Alifika Walukuba baada ya Wahindi kuondoka na kabla ya vita vya 1979.” Sentensi hiyo ni ya kweli. “Alifika mwaka 1975” huenda ni uongo wenye sura ya usahihi.

Karatasi za zamani zinasaidia kuthibitisha: kadi ya ubatizo, cheti cha ndoa, kadi za chanjo za watoto, hati za mshahara, na zile tikiti za kodi ya kichwa ambazo wanaume walitembea nazo mfukoni mpaka kodi hiyo ilipokoma mwaka 2005. Wengi walizihifadhi ndani ya Biblia au Kurani. Omba kuziona, usiombe kuondoka nazo. Zipige picha mbele ya mwenyewe kisha uzirudishe mkononi mwake.

Majina

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko panavyoonekana. Mtu mmoja alikuwa na jina la ukoo, jina la dini, jina la kazini na jina la mtaani, na watu wanne wanaweza kusoma maandishi yako bila kugundua kwamba wanamjua. Yaandike yote, na useme kila moja lilitumiwa na nani. Mzazi wa mapacha kwa Waganda na Wasoga ni Ssalongo au Nalongo, na wengi hawakuitwa kwa jina lingine tena baada ya mapacha kuzaliwa. Kwa Watoro na Wanyoro usiache empaako, yale majina ya upendo na heshima kama Abwooli, Akiiki, Amooti na Adyeri, ambayo UNESCO iliyaweka mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kumwandika mama wa Kitoro bila empaako yake ni kama kuandika kwamba hakuna aliyewahi kumsalimia kwa upendo.

Kuandika kwenyewe

Usianze na kuzaliwa. Anza na marehemu akiwa anafanya jambo lake la kila siku mahali ambapo msomaji wa mtaa atapatambua, kisha urudi nyuma. Kurasa mbili hadi tatu za daftari zinatosha mtu mzima. Ya yule mama wa Masese yalianza hivi:

“Saa kumi na moja alfajiri, kabla muadhini hajaanza, ulisikia ndoo yake ikigonga mlango wa chuma, na sisi wa mstari wa tatu tulijua kwamba mitumbwi imerudi. Aliuza mukene Masese tangu mwaka pesa zilipobadilishwa. Kopo lake lilikuwa halisimami bila jiwe, kwa sababu alikuwa amelipiga tako kuelekea nje ili mnunuzi apate zaidi. Alipoulizwa kwa nini anajipunja, alisema kwamba kopo la kwanza aliloanzia biashara alilikopeshwa na mwanamke aliyempimia vizuri.”

Angalieni kwamba hakuna sifa hata moja katika maneno hayo. Sifa wataziweka wasomaji wenyewe.

Mapungufu ya mtu yaandikwe kwa kipimo. Mzee aliyekuwa mkali kwa watoto waliokanyaga bustani yake ya sukumawiki aandikwe hivyo, kwa sababu watoto hao sasa ni watu wazima na watamtafuta huyo mzee mkali katika ukurasa. Lakini makosa yaliyomuumiza mtu ambaye bado yu hai, kama ndoa iliyovunjika au wizi uliosamehewa, si yetu kuyafichua.

Ugonjwa, watoto na ardhi

Sababu ya kifo iandikwe ikiwa tu familia imeitaja hadharani na imekubali irudiwe. Hili linahusu zaidi UKIMWI na kifua kikuu. Mtu akiwa amejiua, andika kwamba alifariki, na kama familia inapenda, kwamba alikuwa na huzuni nzito kwa muda. Namna ilivyotokea haina nafasi katika daftari.

Orodha ya watoto ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu. Katika mwaka wa kwanza niliandika maisha ya dereva mmoja wa lori na nikaorodhesha watoto kama nilivyosomewa na mtu mmoja wa familia. Siku ya kusoma, mwanamke wa makamo aliyekuwa ameketi karibu na mlango alisikiliza mpaka mwisho wa orodha, akainuka, akachukua mkoba wake na kuondoka kabla chakula hakijaletwa. Alikuwa binti wa kwanza wa marehemu, aliyezaliwa kabla ya ndoa. Hakuna aliyenitegea, kosa lilikuwa langu, kwa kuuliza mtu mmoja. Tangu siku hiyo hatuorodheshi watoto. Tunawaandika ndani ya habari: ni nani aliyemsukumia baiskeli, ni nani aliyempikia uji alipougua, ni nani aliyemwandikia barua. Na mwanzoni mwa daftari tumeandika kwamba maandishi haya si ushahidi wa urithi.

Familia ikihitaji ushahidi, ielekezwe kunakohusika. Vifo vinaandikishwa NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na mambo ya mirathi yanapelekwa katika ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi. Sisi hatuandiki namba ya kitambulisho, namba ya simu wala akaunti ya mtu yeyote, na Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019, kwa hiyo habari za walio hai ziwekwe tu kwa idhini yao.

Kusomewa

Kabla ya arobaini au hitima, rudi nyumbani kwa wafiwa na usome kwa sauti. Usiwape karatasi wasome wenyewe. Wengine hawasomi vizuri na wataona haya kusema. Soma polepole, na uangalie nyuso. Mtu akisema “hapo sivyo,” simama na ufute mbele yake. Watu wawili wakikumbuka tofauti, andika zote mbili: “Dada yake anasema walikuja kwa treni, kaka yake anasema kwa basi.” Hakuna haja ya kuamua.

Kwa kawaida ni katika kusomewa ndipo habari bora kabisa inapotokea, kwa sababu mtu aliyekuwa kimya siku zote anasikia jambo na kusema, “Lakini hamkuandika habari za mbuzi.” Kwa hiyo uende na kalamu.

Watu ambao hakuna anayewauliza

Daftari lisipoangaliwa hujaa wanaume wazee wenye vyeo. Jilazimisheni kuandika wengine. Mtoto aliyefariki akiwa na miezi minane alikuwa na namna yake ya kushika kidole cha mtu, na mama yake anaikumbuka. Aya moja inatosha, na mama wengi wametuambia kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza. Mkimbizi kutoka Kongo au Sudan Kusini anayefia mtaani bila ndugu aandikwe na aliyepanga naye chumba. Mgeni asiyejulikana hata jina aandikwe kwa alichoitwa na kazi aliyoifanya.

Vivyo hivyo kwa waliozikwa haraka. Katika mlipuko wa Ebola wa 2000 na 2001, ulioanzia Gulu, watu 224 walifariki. Daktari Matthew Lukwiya, aliyefariki tarehe 5 Desemba 2000 akiwahudumia wagonjwa, amezikwa katika uwanja wa hospitali ya Lacor na anakumbukwa nchini kote. Lakini wengi wa wale wengine walizikwa na watu waliofunikwa mavazi ya kinga, bila jirani hata mmoja kutupa udongo. Ikawa hivyo tena wakati wa Korona mwaka 2020 na 2021. Msifikiri kwamba muda umepita. Tumeandika watu watano wa Korona, na kwa familia hizo kusomewa kulikuwa ndiyo matanga ambayo hawakuyapata.

Kutunza

Daftari liwe la jalada gumu, lililoshonwa kwa uzi, na kalamu iwe ya wino mweusi, si ya penseli. Mchwa na unyevu wa ziwa ndio adui: lifungeni kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la bati, na lisigusane na ukuta. Nakala ya pili ya kila ukurasa, iliyoandikwa kwa mkono au kutolewa fotokopi, apewe mjane au mtoto aliyebaki nyumbani. Picha za kurasa na rekodi za sauti ziwekwe kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, kwa maana simu huibwa, huzama na hubadilishwa. Kila mwaka, karibu na tarehe 2 Novemba ambayo Wakatoliki wanawaombea marehemu wote, na tena kabla ya Ramadhani, tunalifungua daftari, tunakagua kurasa, na anayetaka husomewa mtu wake.

Jambo la mwisho la kiutendaji: baada ya kila mtu, acheni kurasa mbili tupu. Mwaka jana alikuja mwanamume kutoka Bugiri, akiwa amesikia kwamba mama wa mukene alifariki, akaomba asomewe. Alisikiliza habari za kopo na jiwe mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mwanamke aliyemkopesha kopo la kwanza alikuwa mama yake, na akatutajia jina lake, kijiji chake na mwaka aliofariki. Tukaufungua ukurasa ule mtupu, na akaanza kutusimulia.